Hina au Nyama

Wifi yangu Malukan aliijua miguu ya wanawake wa mtaa wetu kuliko waume zao walivyoijua. Alijua nani ana magaga yanayonasa shuka, nani ana kidole kilichompanda mwenzake, nani mguu wake unanuka hata ukiuosha kwa maji ya waridi. Na hakusema. Ndiyo maana aliitwa kila nyumba yenye arusi, kuanzia Lango la Haram mpaka nyuma ya kiwanda cha barafu. Alikuwa mke wa kinyozi, na kwetu Multan mke wa kinyozi ndiye anayeosha miguu ya bibi arusi, akaisugua kwa jiwe, akakata kucha, akapaka hina. Ni kazi ya kurithi, kama pua.

Mimi ni mke wa mdogo wake, Fida Hussain, ambaye naye ni kinyozi, ana kiti na kioo chini ya ukuta wa shule. Mume wa Malukan alipofariki, Malukan alirudi kwetu na binti yake mmoja, Taslim. Watu walinihurumia. Wifi na wifi ua mmoja, walisema, mtatoana macho. Tuligombana kweli, kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, kwa ajili ya paka wake mwizi. Lakini nilimpenda. Nalisema hilo mapema, maana nina hasira, na mtu anaweza kunisikia akadhani nilimchukia.

Mjane kwetu hapaki hina mikononi. Akipaka, watauliza anampambia nani. Unyayoni ni mambo mengine, unyayoni ni dawa ya joto, hata babu mzee anapaka na hakuna anayemcheka. Basi Malukan, aliyewapamba mabibi arusi wote hao, urembo wake mwenyewe aliuweka huko chini, pasipoonekana na mtu.

Kisukari kilimpata Malukan wakati Taslim bado yuko shuleni. Wakampa vidonge, akavimeza siku alizokumbuka. Chai yake aliitia sukari guru, mabonge mawili, kwa hoja kwamba guru si sukari.

"Guru ni ya muwa, wifi. Muwa ni wa Mungu. Sukari ni ya kiwandani."

"Na kiwandani wanasaga nini? Matofali?"

"We mdomo wako!" akasema, na akanywa chai yake.

Halafu nyayo zikaanza kuwaka. Alikaa na miguu ndani ya beseni la maji akilalamika kwamba amekanyaga makaa ambayo hakuna mwingine anayeyaona. Mchana alitembea peku uani na juu ya paa, kwa kuwa kiatu kilimzidishia moto. Akajipaka hina kila Ijumaa, nzito, ikaachwa ikauke mpaka ikapasuka. Hivyo hivyo kwa muda mrefu. Siku moja akaja jikoni anacheka kama aliyeokota pochi.

"Umepoa! Wifi, umepoa kabisa! Hina imeshika!"

Mtaa mzima ukasikia. Wanawake waliokuwa na moto wao wakaja kuuliza anakoroga kwa chai au kwa limau. Akawafundisha bila choyo. Hatukujua, mimi sikujua, wao hawakujua, kwamba mguu wa mwenye kisukari ukiacha kuwaka ghafla namna ile si kwamba umepona. Mishipa ya fahamu imekufa. Mtu ameacha kulia kwa kuwa hana sauti tena, na sisi tunashangilia kwamba amenyamaza.

Nilianza kuelewa siku niliyokuwa nafagia ua. Niliona alama za damu sakafuni, mguu mmoja tu, wa kulia, kutoka ngazi ya paa hadi mlangoni mwa jiko. Nikadhani paka ameua njiwa. Nikazifuata. Zikanifikisha kwa Malukan, amekaa anamenya vitunguu saumu na kuimba, na katika unyayo wake kimezama kipande cha bangili ya kioo, kijani, kirefu kama kucha. Alikuwa amekipata nyumba ya arusi siku iliyotangulia. Alikuwa amelala nacho.

"Kumbe!" akasema, akakivuta kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo.

Kidonda kile hakikufunga. Alikificha kwa soksi, na soksi kwetu mwezi wa sita, joto likiwa kileleni, hata maiti haivai. Nilikwenda mwenyewe hospitali kubwa ng'ambo ya mji, kule wanakotoa dawa za kisukari, nikaambiwa siku hizi kuna kliniki ya miguu. Nesi akanipa kadi. Alikuwa mama mnene mwenye haraka, lakini alinishika mkono kabla sijaondoka.

"Sikia dada. Mlete kama alivyo. Asijikwangue, asikate kucha wala sugu, asiloweke kwenye maji ya moto. Asipake kitu, hata mafuta. Mje na viatu anavyovaa kila siku, si vile vya kutokea. Na dawa zake zote, hata za mganga, sitamgombeza. Na akisema hapaumi, usimsikilize. Mje."

Nikayabeba maneno hayo kichwani njia nzima kama mtu anayebeba mayai. Nikayatua mbele ya Malukan.

"Wamesema uende kama ulivyo."

"Kama nilivyo?" Akaacha alichokuwa anafanya. "Mimi? Nimetengeneza miguu ya mtaa mzima, halafu nikampe daktari guu la mchunga nyati wa maziwa?"

"Ndivyo nesi alivyosema."

"Nesi huyo hana mama?"

"Malukan, wanataka kuona ugonjwa, si kukuona wewe."

"Basi wauone ukiwa safi."

Mimi nilicheka, nikadhani maneno yameisha. Siku ya pili nikaitwa matangani kwa dada yangu. Niliporudi jioni nikamkuta amekaa kwenye kitanda cha kamba, miguu yote miwili imefungwa mifuko ya plastiki, na harufu ya hina imejaa ua. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimejisitiri," akasema.

Alikuwa amejisitiri haswa. Alikuwa ameloweka miguu kwenye maji ya moto ambayo hawezi tena kujua umoto wake. Alikuwa amelikwangua sugu lote kuzunguka kidonda kwa wembe wa marehemu mumewe. Kisha akapaka hina, na kwenye kidole gumba cha kulia akarudia mara mbili. Asubuhi yake, bajaji likiwa linangurumia mlangoni, akatoka amevaa viatu vya Taslim vya arusi, vya ngozi laini, vimefumwa nyuzi za dhahabu. Vyake vya plastiki, vile vilivyomla kidole kila siku, alikuwa amevisukumia chini ya sanduku.

Maana arusi ilikuwa imekaribia, na hapo ndipo penye kisa chote. Posa ya kwanza ya Taslim ilivunjika kwa sababu ya sukari ya mama yake. Watu wale walikuja, wakanywa chai, wakamwona Malukan anameza kidonge, na wiki haijaisha wakatuma salamu kwamba kijana bado anataka kusoma. Kijana mwenyewe alikuwa muuza matairi! Sasa amepatikana mwingine, Sajjad wa Shujabad, anafanya kazi Maskati, likizo yake fupi, na mama yake ana pua ndefu ya kunusa kasoro. Akirudi Maskati bila kuoa, basi tena. Malukan hakuwa na mwana wa kiume wala mume wala shamba. Alikuwa na Taslim tu, na Taslim alikuwa amefika umri ambao watu huanza kunong'ona.

Kliniki tulikuta watu wamejaa mabenchini, kila mmoja na mguu wake. Mzee mmoja mwenye kilemba alikuwa ameshika mfuko wenye viatu vikuukuu. Akatazama viatu vya Malukan, vinang'aa.

"Bibi, umekosea mlango," akasema. "Arusi si hapa. Hapa wanataka vile ambavyo mwizi wa msikitini akiviona anaviruka."

Benchi lote likacheka. Malukan naye akacheka, akavuta shela usoni.

Daktari alikuwa msichana, jina lake Sadaf, miwani mikubwa, sauti ya chini. Alimkalisha Malukan kwenye kiti kirefu, kisha yeye akavuta kigoda kifupi, akakaa chini, akanyoosha mkono kuuchukua mguu auweke mapajani mwake. Malukan akaurudisha mguu kama aliyeona nyoka.

"Hapana, mwanangu. Hapana. Hapo ni mahali pangu."

"Leo ni pangu, mama. Lete."

Maisha yake yote wifi yangu alikaa kwenye kigoda na miguu ya wengine mapajani. Hakuna aliyewahi kukaa chini yake. Machozi yakamtoka, na mimi hasira zote nilizokuja nazo zikaniishia, nikageuka nikatazama dirisha.

Daktari akatoa kiuzi kigumu cha plastiki, chembamba kama unywele wa mkia wa farasi.

"Nitakugusa na hiki. Ukisikia, sema ndiyo."

"Ndiyo," akasema Malukan.

"Bado, mama."

Akaanza. Ndiyo, akasema Malukan. Ndiyo. Ndiyo. Alikuwa anautazama mkono wa daktari. Daktari akamwambia afumbe macho. Akafumba, na kwa adabu yake ile ya kutomvunja mtu moyo, akaendelea: ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama anayesali. Daktari alikuwa ameshaweka kiuzi mezani na mikono ameikunja. Akanitazama. Sikuweza kumtazama.

Kisha akasafisha kidonda. Akauliza nani alikata sugu, Malukan akajibu kwa fahari kwamba ni yeye. Akaomba kuona viatu vya kila siku, akaonyeshwa vile vya dhahabu. Halafu akafika kwenye kidole gumba. Akakibonyeza, akasubiri, akakibonyeza tena. Akamwita nesi alete taa.

"Mama, huu weusi hapa. Hii ni hina au ni nyama?"

Malukan aliinama akatazama. Alitazama kwa muda. Mimi nilikuwa karibu, niliona jicho lake la kazi, lile analotumia kujua hina imeiva au bado.

"Hina," akasema.

"Una hakika?"

"Daktari, nimepaka hina tangu wewe hujazaliwa. Unamwuliza kinyozi kama hizi ni nywele?"

Nesi akacheka. Hata daktari akatabasamu. Ulikuwa utani mzuri, na laiti asingekuwa hodari wa kusema.

Daktari hakuridhika lakini. Akaweka kidole juu ya mguu, akatafuta mapigo, uso wake ukakunjamana.

"Mama, rangi ya ngozi ndiyo inayoniambia kama damu inafika. Wewe umeifunika, siwezi kuusoma mguu huu. Lala hapa, tupime mishipa, tuone."

"Kulala? Mwanangu anaolewa Alhamisi!"

"Hiki kidole kinauma?"

"Hata kidogo, wallahi."

"Hicho ndicho kinachonitisha."

Wakabishana. Mimi nikawa upande wa daktari, na Malukan akanikanyaga kwa ule mguu mwingine. Mwisho daktari akafunga kidonda, akasema asiukanyage mguu kabisa, arudi arusi ikipita tu, na akiona homa au harufu aje siku hiyo hiyo hata kama bibi arusi yuko jukwaani. "Kama kweli ni hina," alimwambia, "utanicheka. Kama si hina, kila siku unayokaa nyumbani inakula nyama." Daktari yule mtoto alisema yote. Asiwepo wa kumlaumu mbele yangu.

Ndani ya bajaji nilimwuliza.

"Malukan. Ni hina kweli?"

Akatazama nje. Tukapita soko la maembe, tukapita kituo cha mafuta.

"Hina yangu haina rangi ya samawati," akasema.

Nikampigia kelele dereva ageuze. Malukan akanikamata kifundo cha mkono, kucha zikaingia.

"Ukigeuza nitamwambia daktari wewe ni mwongo na una wivu. Nitaapa. Likizo ya Sajjad ina siku za kuhesabu. Mama yake akisikia nimelazwa na mguu unaoza, unadhani wataleta arusi? Wataleta salamu. Kama wale."

"Na mguu?"

"Mguu ni wangu."

Nyumbani nilimwambia Fida Hussain. Sikunong'ona, nilimwambia yote. Akakuna kidevu, akasema, "Siku chache tu, Zohran. Mguu utakimbilia wapi?" Nilimtupia kikombe. Kilimkosa, na mpaka leo najuta kwamba kilimkosa.

Asiukanyage, alisema daktari. Arusi ya nani ambayo mama wa bibi arusi hakanyagi chini? Alipika, alipokea wageni, alipanda paa kutundika taa. Siku ya hina watu wakasema aje mke mwingine wa kinyozi, yeye ni mama, apumzike. Akakataa. Akakaa kwenye kigoda chake, mguu mbovu ameukunja chini yake na uzito wote juu, akaichukua miguu ya Taslim. Niliwasha udi. Niliwasha mwingi mpaka wageni wakakohoa, na bado harufu ile ilikuwa inatafuta njia yake.

Taslim akakunja pua.

"Mama, kuna panya amekufa humu?"

"Labda chini ya sanduku," akasema Malukan. "Tulia. Usitikisike, utaniharibia ua la hina."

Nilitoka nje. Nilikwenda chooni nikalia nikiwa nimeziba mdomo kwa shela, kisha nikarudi kugawa peremende.

Taslim akaondoka Alhamisi, akalia kama ilivyo ada, akapandishwa gari. Malukan alisimama mlangoni amejishikilia kwenye mhimili mpaka gari likakata kona. Ndipo akaniambia, "Haya wifi, sasa nipeleke," na akaanguka. Mwili wake ulikuwa moto kama sufuria.

Hapo alikwenda kama alivyo. Hakuoga, hakukwangua, hakupaka kitu. Nilibeba vile viatu vya plastiki na dawa zake zote katika mfuko. Nesi yule mnene akaufungua mfuko akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mmekuja na viatu vya kila siku. Safi sana. Wote wangekuwa kama nyinyi."

Nilitaka kumpiga. Hakuwa na kosa lolote, ila nilitaka kumpiga.

Daktari Sadaf alifungua kitambaa. Weusi ulikuwa umevuka kidole na kushika nusu ya wayo, na juu yake nyama imevimba na kung'aa mpaka karibu na shavu la mguu. Hina bado ilikuwepo, lakini sasa hata mtoto asingechanganya hiki na kile. Daktari hakusema nilikwambia. Alikaa kwenye kigoda kile kile, akauliza polepole:

"Ile siku, mama, ulijua?"

"Nilikuwa na binti," akasema Malukan.

Waliukata chini ya goti. Mguu ulipewa Fida Hussain umefungwa shuka, akaupeleka makaburini akauzika miguuni pa mume wa Malukan, kwani kiungo cha Mwislamu hakitupwi. Aliporudi alikaa bombani ananawa mikono, ananawa, ananawa. Nilitaka kumwuliza mguu umekimbilia wapi. Nilimtazama mgongo wake, nikamletea sabuni.

Na ile arusi iliyonunuliwa kwa bei hiyo, ilileta nini? Mama Sajjad alikuja na Taslim kumwona mgonjwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda kama anayeogopa kuchafuka. Akatazama pale shuka lilipolala bapa. "Tungeambiwa," akasema, hilo tu, akainuka. Sajjad alirudi Maskati. Taslim yuko Shujabad anapika na kufua, na kila akiketi kupumzika anaulizwa kama naye miguu imeanza. Kwetu anakuja sikukuu hadi sikukuu, anakaa kidogo, anatazama saa.

Nyumba za arusi nazo ziliacha kumwita. Bibi arusi asiguswe na mwenye mguu mmoja, ni mkosi. Wanawake wale wale ambao magaga yao aliyafichia siri, sasa wanapita mlangoni wanasema kwa sauti ya kusikika, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali tamu hiyo, inateleza ulimini. Namwombea kila anayeisema aje akae na Malukan mchana mmoja tu, wakati mguu usiokuwepo unapomwaka moto na hana pa kupaka dawa.

Lakini hilo silo linalonikatisha tamaa. Linalonikatisha tamaa ni kwamba wanakuja.

Wanakuja mmoja mmoja, wenye kisukari, mchana wanaume wakiwa kazini. Wanakaa uani wanavua viatu, wanaonyesha. Na mimi nasema. Nimekuwa kasuku wa kliniki ile. Nawaambia nendeni kabla hakujauma, nendeni hasa ikiwa hakuumi. Msipake kitu, msikate kitu, msiloweke, msiazime viatu. Daktari akikuuliza, sema unachokiona na si unachokitaka. Usione aibu, ameshaona miguu mibaya kuliko yako. Nasema mpaka koo linakauka. Wananisikiliza kwa adabu, kisha macho yao yanahama kutoka kwangu, yanakwenda kwa Malukan, yanashuka mpaka pale kwenye shuka. Wao wanaona alikwenda na miguu miwili, akarudi na mmoja. Siwezi kushindana na hilo kwa maneno.

Juzi alikuja Bashiran, mke wa mchoma mikate wa tanuri la kona. Mwanamke mwema, watoto sita, unga mpaka kwenye nyusi. Akakaa, akanyoosha miguu, akacheka.

"Dada Malukan, nimekuja kukupa habari njema. Miguu yangu imepoa! Mwaka mzima inaniwaka, juzi nikaamka, kimya! Naona ile hina yako imeshika."

Niliacha kukanda unga, nikaja nikapiga magoti mbele yake. Nikamgusa unyayo kwa ncha ya kidole, nikamwambia atazame pembeni aniambie nikimgusa. Hakuniambia kitu. Chini ya kisigino palikuwa na mpasuko mwekundu, mbichi, wa moto wa tanuri.

"Bashiran, shoga yangu. Kesho asubuhi nakupeleka. Mimi mwenyewe, kwa bajaji. Hivyo hivyo ulivyo, na unga wako."

Akaogopa. Akamtazama Malukan.

"Niende, dada?"

Nikamtazama na mimi. Nilimwomba kwa macho. Yeye ndiye pekee duniani ambaye angeweza kulisema: kwamba si kliniki iliyomkata, kwamba aliulizwa swali moja na alijua jibu. Lakini akilisema hilo, basi ni yeye aliyeukata, tena kwa ajili ya arusi ile, na mama mkwe yule. Nani anaweza kulala na hilo? Nimeshamwona analizungukazunguka usoni mwake, halafu analiacha.

"Nenda ukitaka," akasema Malukan. "Mimi nilikwenda."

Akapiga godoro kwa kiganja, pale mguu ulipokuwa.

Bashiran akashusha pumzi, kama mtu aliyesamehewa. "Basi nikorogee kidogo tu ile dawa, dada. Kisigino hiki kimekauka."

"Wifi," Malukan akaniambia, "nipe bakuli."

"Sikupi."

"Zohran. Bakuli."

"Sikupi! Nitalivunja!"

Akajishusha kitandani kwa mikono miwili, akakaa chini, akaanza kujiburuta kwa makalio uani kulifuata bakuli rafuni, mguu mmoja ukimsukuma. Ua wetu si mkubwa, lakini alichukua muda. Nilisimama njiani mwake, akanizunguka. Akalichukua, akatia unga wa hina, akaomba maji, na Bashiran ndiye aliyempa.

Halafu Bashiran akakaa vizuri, akapandisha suruali yake kidogo, akamnyooshea miguu yote miwili.